Kabla hujauza picha ya mwanamuziki, muulize mzee aliyeitunza

KWA siku tatu, familia moja ya mjini Kahama ilikuwa na neno moja tu mdomoni: laki nne. Hizo ndizo fedha ambazo mnunuzi wa picha za zamani kutoka Dar es Salaam aliahidi kutuma kwa simu ili apewe picha moja ya karatasi, nyeusi na nyeupe, isiyozidi ukubwa wa kiganja cha mtu mzima.

Picha hiyo ilitoka kwenye sanduku la bati la babu wa familia, mzee wa miaka 74 ambaye alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuchambua pamba mkoani Shinyanga. Inaonyesha ukumbi wa dansi. Mbele amesimama kijana mwembamba mwenye gitaa, ameinamisha kichwa kidogo. Pembeni yake wapo wapiga ala wawili, na nyuma yao ni watu waliokuja kucheza. Mgongoni mwa karatasi kuna muhuri wa studio uliofifia na mwaka ulioandikwa kwa mkono: 1974.

Mjukuu wa miaka 15 ndiye aliyeanzisha jambo lenyewe. Aliipiga picha hiyo kwa simu, akaipitisha kwenye programu ya kung'arisha picha, kisha akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa muziki wa zamani akiuliza kama mwenye gitaa si Mbaraka Mwinshehe. Kabla ya jioni watu kadhaa walikwishaapa kwamba ni yeye. Usiku huohuo mnunuzi akajitokeza.

Fedha hizo zilikuja wakati zinahitajika. Dada wa kijana huyo alikuwa amechaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule ya bweni, na orodha ya godoro, sare, ndoo na nauli ilikuwa mezani bila jibu. Mama yao, ambaye ni binti mkubwa wa mzee, alikubali picha iuzwe. Mjomba wao, anayeuza vifaa vya wachimbaji wadogo huko Katoro mkoani Geita, naye alikubali kwa simu.

Mtu pekee ambaye hakuwa ameulizwa ni mzee mwenyewe.

Sauti kila siku, sura kwa nadra

Mtoto wa leo anaweza kuona sura ya Diamond Platnumz au Zuchu mara kumi kabla hajanywa chai. Kwa babu yake haikuwa hivyo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, muziki uliingia majumbani kwa njia ya redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi na kurusha nyimbo zake, na mkulima wa pamba wa Shinyanga aliweza kuijua sauti ya mwimbaji wa Morogoro Jazz, Tabora Jazz au Western Jazz kama anavyoijua sauti ya jirani yake, huku hajawahi kumwona usoni hata siku moja.

Sura ilipatikana kwa njia chache. Kulikuwa na gazeti. Kulikuwa na jalada la santuri, kwa aliyekuwa na uwezo wa kununua. Kulikuwa na ukumbi, siku bendi ilipopita mjini. Na kulikuwa na picha ya karatasi, ambayo mtu aliweza kuichukua nyumbani na kuiweka mahali pake.

Ndiyo sababu picha za wanamuziki wa enzi hizo zinatafutwa leo. Mbaraka Mwinshehe ni mfano mzuri. Alizaliwa mwaka 1944, akapata jina akiwa na Morogoro Jazz, na mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japan kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka. Mwaka 1973 alianzisha Super Volcano. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, kabla hajatimiza miaka 35. Nyimbo zake zinapigwa hadi leo kwenye redio na kumbi za harusi, lakini aliondoka miaka 15 kabla televisheni haijafika Bara. Kila picha halisi yake inayopatikana ni jambo kubwa kwa wapenzi wake.

Ikumbukwe pia kwamba kupiga picha kulikuwa na gharama. Filamu moja ilitoa picha chache, na kila picha ilipaswa kusafishwa kwa dawa kwenye chumba cha giza na kuchapwa kwenye karatasi maalumu. Mpigapicha hakubofya ovyo. Alichapa nakala kadiri ya wateja, na filamu zenyewe mara nyingi zilipotea studio ilipofungwa au mwenyewe alipofariki. Nakala iliyobaki sandukuni mwa mtu inaweza kuwa ndiyo pekee iliyopo.

Wanaonunua huangalia nini

Biashara ya picha za wanamuziki ni kubwa ng'ambo. Huko, wakusanyaji hutofautisha vitu ambavyo kwa macho ya haraka vinafanana. Kuna nakala iliyochapwa karibu na wakati picha ilipopigwa. Hiyo huwa na thamani kubwa zaidi. Kuna nakala iliyochapwa baadaye kutoka filamu ileile, ikiwa na sahihi ya mpigapicha na namba, kwa mfano ya 5 kati ya 50, ili mnunuzi ajue haitachapwa bila kikomo. Na kuna bango la kawaida la kiwandani, ambalo bei yake ni ya kupambia ukuta tu.

Afrika nayo ina majina yake. Jean Depara, aliyefariki mwaka 1997, aliwapiga picha wanamuziki na starehe za usiku za Kinshasa, na alikuwa mpigapicha wa Franco Luambo. Huko Bamako, nchini Mali, Malick Sidibé alizunguka kwenye sherehe za vijana usiku, akasafisha filamu, kisha akabandika picha ndogo nje ya studio yake ili vijana waje kuchagua na kununua. Kwao zilikuwa kumbukumbu za dansi ya Jumamosi. Mwaka 2007 Sidibé alitunukiwa Simba wa Dhahabu wa heshima ya maisha katika maonyesho ya sanaa ya Venice, akiwa mpigapicha wa kwanza kupewa tuzo hiyo, na picha zake sasa zimo katika makumbusho makubwa duniani.

Hapa nyumbani, Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imejulikana kwa picha za zamani za kisiwa ambazo wageni hununua. Mtaa wa Shangani, si mbali na hapo, tangu mwaka 2019 kuna makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946. Watu husafiri kutoka nchi za mbali ili kutazama, pamoja na mambo mengine, picha zake.

Katika mifano yote hiyo, kinachoipa picha uzito ni majibu ya maswali manne: ni nani huyu, ilipigwa wapi, lini, na nani aliyeipiga. Picha isiyo na majibu hayo ni karatasi ya mtu asiyejulikana. Na katika nyumba nyingi za Shinyanga na Geita, majibu hayo hayajaandikwa popote. Yamo kichwani mwa mzee mmoja.

"Waliokuwepo?"

Jioni ya siku ya tatu, binti mkubwa aliona haya kuituma picha bila kumwambia baba yake. Akaenda nayo uani, mzee alipokuwa amekaa.

"Baba, hii picha yako ya Mbaraka kuna mtu anaitaka. Anatoa hela nzuri."

Mzee, ambaye jicho lake moja lina mtoto wa jicho, aliisogeza picha kwenye mwanga.

"Nani kakwambia huyu ni Mbaraka?"

"Watu wanaoujua muziki wa zamani, baba."

"Waliokuwepo?"

Mwenye gitaa, alieleza, alikuwa kijana wa bendi ya hapohapo mjini. Bendi hiyo ilipenda kupiga nyimbo za Mbaraka, na kijana yule alipenda kusimama kama Mbaraka alivyosimama kwenye picha za magazeti. Gitaa lenyewe lilikuwa la kuazima. Mzee alilikumbuka jina lake la kwanza, la pili likamkataa. Siku chache baada ya dansi ile, mpigapicha alibandika picha mlangoni kwa studio na vijana wengi walinunua kwa ajili ya bendi.

Yeye hakununua kwa ajili ya bendi. Aliweka kidole kwenye safu ya nyuma, mtu wa pili kutoka kushoto: msichana aliyefunga kitambaa kichwani, ameugeuza uso nusu kuelekea mlangoni.

"Huyu ni mama yenu," alisema. "Nilikuwa bado sijamsemesha."

Mama huyo alifariki miaka sita iliyopita. Picha ya zamani zaidi ambayo watoto wake walikuwa nayo ni ya kitambulisho, akiwa tayari mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Hakuna aliyewahi kuona sura yake ya usichana. Wala hawakuitambua kwenye simu, kwa sababu ile programu ya kung'arisha ilikuwa imelainisha nyuso zote za nyuma na kumpa msichana yule pua na macho ambayo hayakuwa yake. Kwenye karatasi, chini ya mwanga wa jioni, binti mkubwa aliona sura ya mwanawe mwenyewe, yule anayekwenda kidato cha tano.

Mjukuu aliyeanzisha mambo alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemgombeza. Babu alimwita, akamwonyesha, naye akauliza swali ambalo wakubwa hawakuwahi kuuliza: "Guku, siku hiyo walipiga wimbo gani?" Mzee akaanza kusimulia, na kijana akawasha simu kurekodi.

Asubuhi iliyofuata, mahitaji ya shule yalikuwa yapo palepale. Familia ilimpigia mnunuzi na kumweleza ukweli kwamba mwenye gitaa si Mbaraka. Mnunuzi alishukuru na kujitoa. Kwa upande mmoja walikosa laki nne. Kwa upande mwingine, wangezichukua wangekuwa wamemuuzia mtu jina lisilo sahihi, na wangekuwa wamempeleka mama yao Dar es Salaam ndani ya bahasha bila kujua. Mjomba wa Katoro alituma godoro kwa basi. Vingine vilichangwa na ndugu, kidogo kidogo, kupitia kundi la familia.

Maisha ya kuhamahama hula picha

Mjomba huyo alipoelezwa habari ya picha, alinyamaza kwa muda kwenye simu. Yeye mwenyewe hana hata moja ya ujana wake. Alianza maisha ya machimbo Nyarugusu, akahamia Rwamgasa, kisha Katoro, akifuata rashi kila dhahabu iliposikika. Kila alipohama alibeba kilicho cha lazima. Mfuko wenye picha zake, zikiwemo za wasanii aliokuwa akizikusanya, uliachwa kwenye nyumba ya kupanga na haukuonekana tena.

Hadithi yake ni ya kaya nyingi za ukanda wa dhahabu. Watu wanahama na godoro, jiko na sufuria. Picha zinabaki ukutani. Zinazosalimika hukutana na vumbi, joto la bati, moshi, mchwa na panya. Na siku hizi kuna adui mwingine, kwamba picha zote zipo kwenye simu moja, na simu ikiibwa au ikitumbukia kwenye ndoo, miaka mitano ya familia inakwenda nayo.

Wala si picha za dansi peke yake. Usukumani, manju wa ngoma alikuwa na jina kubwa kuliko mwanamuziki wa redio. Wafuasi wa Bagika na Bagalu wameshindana kwa vizazi, na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, yanahifadhi historia ya jamii hizo za wacheza ngoma. Kama bibi yako ana picha ya manju aliyetamba kijijini kwenu, usidhani haina maana kwa kuwa haikutoka Dar es Salaam. Huenda manju huyo hana picha nyingine duniani.

Mzazi, fanya haya wiki hii

Anza na kuuliza. Chukua picha tano tu, kaa na mzee, rekodi sauti yake kwenye simu. Uliza ni nani, wapi, lini, nani alipiga. Kisha uliza swali la tano: kwa nini uliinunua au uliitunza? Mara nyingi habari kubwa iko kwenye jibu hilo. Usimsahihishe wala kumharakisha. Akichoka, endeleeni siku nyingine.

Andika majibu. Laza picha kifudifudi juu ya kitu kigumu na safi, uandike pembeni kwa penseli laini bila kukandamiza. Kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele na wino huweza kusambaa. Usifute wala kukata muhuri wa studio au maandishi ya zamani. Hayo ni ushahidi.

Usiilaminishe picha halisi. Watu wengi hudhani kuifunika kwa nailoni ya moto ni kuilinda. Joto na gundi huiharibu, na haibanduki tena bila kuichana. Kama unataka ya kulaminisha au kuning'iniza ukutani, chapisha nakala. Albamu zenye kurasa za gundi nazo si rafiki. Kama picha imeganda kwenye kioo cha fremu, usiivute. Ipige picha ikiwa humohumo kwenye kioo na uiache hivyo.

Ihifadhi pakavu na penye giza. Bahasha safi ya karatasi ndani ya kisanduku, juu ya sakafu, mbali na jiko, dirisha na dari ya bati, inatosha. Picha nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 huwahi kupauka na kugeuka nyekundu, hivyo anza kunakili hizo. Ishike kwa kingo. Jasho la vidole huacha madoa.

Ipige kwa simu, mbele na nyuma. Simama karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ubora hupungua. Itume kama faili. Weka nakala sehemu mbili au tatu: kwenye simu, kwenye kadi ya kumbukumbu, na kwenye barua pepe.

Programu za kung'arisha zitumie kwa tahadhari. Hukisia kisichoonekana, na wakati mwingine hubuni uso. Wafundishe watoto kwamba nakala iliyong'arishwa ni ya kujifurahisha, na kwamba ile iliyopigwa bila kuguswa ndiyo kumbukumbu.

Ukiamua kuuza, si dhambi. Lakini ndugu wote wakubaliane, na mwenye picha awe wa kwanza kuulizwa. Sema unachokijua na usiongeze jina kwa sababu linauza. Baki na nakala nzuri. Kumbuka pia kwamba kumiliki karatasi si sawa na kumiliki haki ya kuichapa. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hivyo anayetaka kuitia kwenye fulana au mabango ya kuuza apate kwanza ushauri wa Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Mabango ya watoto ukutani je?

Wapo wazazi wanaogombana na watoto kwa sababu ya picha za wasanii zilizobandikwa chumbani. Zipo zisizofaa, na mzazi ana haki ya kusema. Lakini kabla ya kuchana, keti uulize kama ambavyo ungemuuliza babu: huyu ni nani, unampendea nini, wimbo gani? Kijana anayekusanya picha anafanya kile ambacho babu yake alifanya mwaka 1974. Mpe bahasha na penseli, mwonyeshe namna ya kuandika tarehe. Mwombe pia achapishe walau picha chache za kwake na rafiki zake, badala ya kuziacha zote kwenye simu.

Huko Kahama, picha ya dansi imerudi kwenye sanduku la bati, safari hii ndani ya bahasha. Nakala mbili zimechapishwa. Moja iko ukutani Katoro, nyuma ya kaunta ya duka. Nyingine ilikwenda bweni pamoja na godoro, imefichwa ndani ya daftari. Mgongoni, kwa penseli, msichana wa kidato cha tano ameandika mwaka, mji, jina la bibi yake, na jina la kwanza la mpiga gitaa.

Jina la pili wameliachia nafasi. Mzee anasema litamrudia.